Kuteleza Si Kuanguka

Wahenga walinena kwamba kuteleza si kuanguka. Methali hii niliifahamu tangu nikiwa katika shule ya msingi. Niliitumia katika insha zisizo na idadi, aghalabu mahali ambapo sikuwa na la kusema, na nilipojiunga na chuo kikuu niliichambua katika somo la fasihi simulizi kama mfano wa methali ya kufariji. Hata hivyo, ndugu msomaji, nakiri kwamba hadi nilipotimiza umri wa miaka ishirini na saba sikuwa nimewahi kuteleza kwa hiari yangu. Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi nilikolelewa, kuteleza ni jambo linalompata mtu akiwa na haraka ya kwenda kwingine: amebeba mtungi wa maji, au furushi la nguo, au mtoto mgongoni, naye anapita kwenye matope ya masika. Hakuna anayelipa ili ateleze. Hakuna anayeamka alfajiri na kusafiri mwendo mrefu kwa ajili hiyo.

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili 2019, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, nilifanya hilo la pili, na wengine wakanilipia hilo la kwanza. Ningependa kuisimulia siku hiyo kwa kuwa ndiyo siku nilipoielewa methali yenyewe, na pia ndiyo siku nilipomweleza mama yangu jambo nililokuwa nimemficha kwa miaka kumi na sita. Lakini kisa hiki hakianzii mlimani. Kinaanzia sokoni.

Mama yangu alikuwa, na hadi leo angali, mchuuzi wa mitumba katika soko la Gikomba. Tuliishi katika mtaa wa Jericho, katika nyumba ya vyumba viwili, na kila siku ya Mungu mama alidamka kabla ya jogoo kuwika ili awahi kufunguliwa kwa marobota. Gikomba kila mchuuzi ana fani yake. Yupo wa viatu, yupo wa mapazia, yupo wa nguo za watoto. Fani ya mama ilikuwa majaketi mazito ya baridi. Robota la kilo 45 likishakatwa kamba, vipande bora ambavyo wachuuzi huviita kamera huchaguliwa kwanza na kuuzwa kwa bei ya juu. Mabaki, yaitwayo fagia, hurundikwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Baina ya kamera na fagia ndiko karo yetu ilikotoka.

Msomaji asiyeijua Nairobi huenda akauliza ni nani anunuaye jaketi la theluji katika nchi iliyo juu ya Ikweta. Ajaribu kusimama kando ya Barabara ya Jogoo saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai. Atawaona mabawabu wakitoka zamu, makanga waning'iniao kwenye milango ya matatu, akina mama wauzao uji, na wanafunzi wakijikunyata. Wote hao walikuwa wateja wa mama. Kuanzia Juni hadi Agosti alikuwa akiuza kuliko miezi mingine yote ya mwaka ikijumlishwa.

Mengi ya majaketi hayo yalikuja na kitu kimoja cha ajabu. Kwenye zipu palining'inia kijiwaya chembamba, na juu ya kijiwaya hicho palikuwa na kikaratasi kigumu kilichokunjwa na kugandishwa, chenye tarehe, mistari myeusi kama ile ya bidhaa za dukani, na pengine picha ya mlima. Mama alivikata vyote kwa makasi kabla ya kulitundika jaketi. Alisema mteja hapendi kukumbushwa kwamba nguo ilikuwa na mwenyewe. Sisi watoto tuliviokota na kuvichezea kama pesa.

Mwaka wa 2003, nikiwa darasa la sita, mama alinitolea jaketi la buluu lenye mistari ya manjano. Lilinifika magotini. Kikaratasi chake hakikuwa kimekatwa. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini ilisomeka tarehe ya mwezi wa Machi na maneno ya kwamba tikiti ile ilikuwa ya mtu mzima. Pembeni palikuwa na kijipicha cha mtu amesimama juu ya mbao mbili nyembamba.

Wenzangu shuleni waliniuliza jaketi nimelitoa wapi. Sote tulivaa mitumba, msomaji, wala hapakuwa na aibu yoyote katika jibu la kweli. Lakini kile kikaratasi kilinitia kiburi. Nilisema kwamba nina shangazi Marekani, kwamba jaketi lilikuwa lake, na kwamba kila Machi yeye huteleza kwenye theluji kama Philip Boit. Jina hilo sote tulilijua. Mnamo Februari 1998 Boit, mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa ambaye alikuwa ameiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka wa 1996 alipopelekwa Ufini kufanya mazoezi, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani. Alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza, akamaliza wa mwisho, yapata dakika 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie alikataa kwenda kutuzwa dhahabu yake kabla ya kumlaki Mkenya yule kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kwetu sisi watoto wa Jericho kisa hicho kilikuwa hekaya tamu, nami nikamwingiza shangazi yangu asiyekuwepo ndani yake.

Wiki mbili baadaye mama alikuja shuleni. Alikuwa amebeba mfuko wa majaketi ili awauzie walimu kwa mkopo. Alisimama mlangoni pa chumba cha walimu, na la juu kabisa katika mfuko wake lilikuwa jaketi jekundu lenye mistari ileile ya manjano. Rafiki yangu aliliangalia, akaniangalia mimi, akauliza, "Yule si mamako?" Nikajibu, "Simjui sana. Ni mama mmoja wa mtaani, huuza nguo."

Mama alikuwa umbali wa hatua kama kumi. Hakugeuka. Jioni alipika kama kawaida, wala hakusema neno. Nami sikusema, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito.

Nilisoma, nikafuzu, nikawa mwalimu wa Kiswahili. Mwanzoni mwa mwaka wa 2018 nilichaguliwa katika mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa walimu wa lugha za kigeni, nikatakiwa kwenda kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Colorado kuanzia Agosti. Kisha, usiku wa kuamkia Juni 28, soko la Gikomba likashika moto. Watu wasiopungua 15 walifariki. Sisi tulipoteza kibanda na marobota matatu ambayo mama alikuwa ameyanunua kwa mkopo wa chama, kwa sababu baridi ndiyo kwanza ilikuwa imeingia. Mama alipigiwa simu, akatoka mbio akiwa amevaa jaketi la kijani la kazini. Asubuhi hiyo, katika mali yake yote ya biashara, lililobaki lilikuwa lile alilolivaa.

Nilimwambia sitakwenda Marekani. Aliniuliza, "Ukibaki, utazima moto uliokwisha kuzimwa?" Mwezi wa Agosti, nilipokuwa nikifunga sanduku, alilikunja jaketi la kijani akaliweka juu ya nguo zangu. Lilikuwa limefuliwa mara tatu na bado lilinuka moshi.

Sitawachosha wasomaji wa jarida hili kwa habari za kufundisha ngeli ugenini, maana wengi wenu mnazijua. Nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, wenye bidii na wasio na aibu ya kukosea. Kwa miezi minane waliniletea "kiti yangu" na "watu mawili", nami niliwasahihisha kwa saburi, nikiwaambia kuwa anayeogopa kukosea ngeli hatakisema Kiswahili asilani. Posho yangu niliigawa. Kufikia Desemba mama alikuwa amenunua robota lake la kwanza tangu moto.

Mwezi wa Aprili, mwaka wa masomo ulipokaribia ukingoni, wanafunzi wangu walichanga fedha, wakaniambia kwamba zawadi yao ya kuniaga ni siku moja ya kuteleza katika mji wa Breckenridge. Walinieleza kwamba majira ya machipuko ndiyo bora kwa mgeni, kwa kuwa jua ni kali, umati umepungua, na theluji ni laini. Bei ya tikiti niliiona, lakini sikuthubutu kuigeuza kuwa shilingi.

Tuliondoka gizani. Kutoka Denver hadi Breckenridge ni yapata kilomita 130, na barabara hupanda bila kupumzika hadi inapopenya milima katika handaki la Eisenhower, lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na nusu na lililo kiasi cha mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Tulipotokea upande wa pili jua lilikuwa limechomoza, na milima yote ilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, Waswahili walipataje neno theluji?"

Hapo nilijihisi nyumbani. Niliwaambia kwamba theluji tumeipata kwa Waarabu na barafu kwa Waajemi, na kwamba watu wengi wa Nairobi hutumia barafu kwa yote mawili, kwa maana yote mawili hawayaoni ila kwenye friji. Kisha nikawasimulia habari ya mmishonari Johannes Rebmann, aliyeuona weupe juu ya Kilimanjaro mnamo Mei 1848. Alipomuuliza mwongozaji wake kile ni kitu gani, yule mtu alimjibu kwa neno moja tu: baridi. Wataalamu wa Ulaya walimkebehi Rebmann, wakasema haiwezekani kuwepo theluji karibu na Ikweta. Yule mwongozaji asiye na neno la theluji alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wale waliokuwa na neno lakini hawakuwa na mlima. Niliyasema hayo kwa fahari ya kialimu, nisijue kwamba baada ya saa mbili nitakuwa mimi mwenye maneno bila mlima.

Breckenridge ulianzishwa mwaka wa 1859 na wachimba dhahabu, na tangu 1961 umekuwa mji wa kuteleza. Mji wenyewe uko karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari, yaani juu ya Nairobi kwa zaidi ya kilomita moja, na juu yake zimejipanga kilele tano zilizopewa nambari badala ya majina, kuanzia 6 hadi 10. Lifti ya juu kabisa, iliyofunguliwa mwaka wa 2005, huwafikisha watu mita 3,914, na hakuna lifti ya viti iliyo juu zaidi katika Amerika ya Kaskazini. Mwanafunzi aliyenipa habari hizo alikuwa akijivuna, nami nikamtuliza kwa kumwambia kwamba Lenana katika Mlima Kenya ni mita 4,985, na watu huufikia kwa miguu.

Viatu nilivyokodishiwa vilikuwa vigumu kama ndoo mbili za saruji. Skii zenyewe zilinifika kidevuni. Darasani tulikuwa tumejadiliana neno hilo liingie ngeli gani, tukaafikiana kuliweka katika I-ZI: skii yangu imepotea, skii zetu zimepotea. Mlimani niligundua kwamba upatanisho wa kisarufi ndio uliokuwa upatanisho wa pekee baina ya skii zangu, maana moja ilielekea mashariki na nyingine magharibi.

Nikatazama zipu ya jaketi langu la kijani, nikangoja kutundikiwa kikaratasi. Hapakuwa na kikaratasi. Nilipewa kadi ya plastiki ya kutia mfukoni. Langoni mashine huisoma yenyewe bila kuonyeshwa. Ni upuuzi kuhuzunishwa na jambo dogo kama hilo, lakini nilihuzunika. Nadhani katika siku ile nzima nilikuwa nimekingojea kile kikaratasi kuliko mlima.

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana aliyejifunza kuteleza akiwa na umri wa miaka minne, alikuwa amesimama kando akilichunguza jaketi. Akasema, "Mwalimu, hili ni la zamani sana! Baba yangu alikuwa na moja kama hili nilipokuwa mtoto. Ulilitoa wapi?"

Lilikuwa swali lilelile. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita, na tulikuwa upande wa pili wa dunia, na hapakuwa na yeyote ambaye angejua kama ningedanganya. Nilisikia moyo ukidunda. Nikajibu, "Mama yangu huuza majaketi Gikomba. Haya mnayoyatoa ninyi hufika kwetu kwa marobota. Ndiyo yaliyonisomesha." Yule msichana alinitazama kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kujikokota, "Basi limerudi nyumbani." Alikuwa amelipatanisha bila kosa. Nilitamani kumpa alama zote mia moja.

Sasa nieleze namna mtu anavyojifunza kuteleza. Anaanzia kwenye mteremko mdogo kabisa, ambapo watoto wa miaka mitatu humpita wakiimba. Anafundishwa kuzikutanisha ncha za mbele za skii na kuzitanua za nyuma, mfano wa kipande cha chapati kilichokatwa kuanzia katikati, ili kingo za ndani zikwaruze theluji na kumpunguzia kasi. Hilo ni rahisi kulifahamu. La pili ndilo gumu. Mwili mzima, kuanzia magoti hadi kifua, sharti uelekezwe mbele na chini, kule kule ambako macho hayataki kutazama. Hofu humvuta mtu nyuma. Naye akishajivuta nyuma, uzito huhama visiginoni, ncha za mbele huwa nyepesi, skii hukataa kuongozwa, zikamponyoka na kumwacha amekaa chini.

Nilianguka mara sita kabla ya saa nne. Nilianguka ubavu, nikaanguka kifudifudi, na mara moja niliangushwa na kiti cha lifti kilichonigonga nikijaribu kushuka, hata mhudumu akaisimamisha lifti nzima kwa ajili yangu. Kila mara wanafunzi wangu walinizunguka. Yule msichana aliinama akaniambia, "Mwalimu, anayeogopa kukosea hatasema asilani." Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, na yalinichoma kuliko baridi.

Nilikuwa nimeijia theluji saa mbaya. Katika majira ya machipuko theluji huyeyuka juu mchana na kuganda tena usiku, kwa hiyo asubuhi na mapema huwa ngumu kama sakafu. Jua likishapanda, tabaka la juu hulegea na kuwa punje punje kubwa zisizoshikana. Wenyeji huiita theluji ya aina hiyo kwa jina la mahindi. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, nikachota gao moja nikazitazama zile punje kiganjani. Kweli, zilikuwa kama mahindi meupe yaliyopukuchuliwa tayari kwa githeri. Ikifika alasiri punje nazo huyeyuka, na mlima mzima huwa uji. Basi mtelezaji mwerevu hungoja asubuhi ipite, hula mahindi yake kabla ya saa saba, na kuwaachia wengine uji.

Kati ya saa nne na saa sita mahindi yalikuwa tayari, nami nikaacha kujivuta nyuma. Sijui ilikuwaje. Labda nilichoka kuogopa. Nilielekeza kifua bondeni, nikahisi skii zikishika, nikageuka kushoto, nikageuka kulia, nikafika chini nikiwa nimesimama. Kelele za wanafunzi wangu kumi na mmoja zilifanya watu wageuke. Ndipo nilipowaza juu ya methali. Siku zote nilikuwa nimeisoma kama pole anayopewa aliyepatwa na mkosi: usijali, umeteleza tu, hujaanguka. Pale chini ya mlima niliisoma upya. Kuteleza ni kazi moja na kuanguka ni nyingine, na anayeanguka aghalabu ni yule anayekataa kuteleza, yule anayejivuta nyuma mbali na mteremko ambao tayari yumo ndani yake. Nikamkumbuka msichana wa miaka kumi na miwili amesimama hatua kumi kutoka kwa mama yake.

Saa sita za mchana za Colorado mwezi huo ni saa tatu za usiku Nairobi. Joto lilikuwa limepanda, watu wamevaa fulana, nami nikalifunga jaketi kiunoni na kuketi kwenye benchi nje ya mkahawa. Nikampigia mama simu kwa njia ya video. Nilimwonyesha mlima. Aliutazama kwa muda, akasema mvua kwao imechelewa mwaka huo na vumbi limewamaliza. Kisha akaniomba nisogeze simu karibu na watu. Nilidhani anataka kuwaona wanafunzi wangu. La hasha. Alikuwa akikagua majaketi. "Zile zipu," akasema, "bado wanatia zile nene. Hizo haziharibiki. Na yule wa rangi ya chungwa, mwambie asilichane mfuko, litakuja huku."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Nikamwambia, "Mama, kuna siku ulikuja shuleni na majaketi. Nilikuwa darasa la sita. Niliulizwa kama wewe ni mama yangu."

Akanyamaza. Nilisikia redio yake kwa mbali. Kisha akasema, "Nilisikia."

"Mama..."

"Siku ile niliuza majaketi manne, mwanangu. Mwalimu mkuu alinunua mawili. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka zaidi."

Nikamwomba radhi kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Aliniacha niyamalize yote. Hakunikatiza wala hakunisaidia. Halafu nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hadi asubuhi ile nilipokitafuta kikaratasi kwenye zipu: kwa nini alivikata vikaratasi vyote akaacha changu?

"Ulikuwa ukilala umekishika," akasema. "Ningekikataje?" Kisha, kwa sauti yake ya sokoni: "Umeanguka mara ngapi leo?"

"Mara tisa."

"Basi inuka urudi. Wamekulipia siku nzima, nawe umekaa kwenye benchi unalia."

Nilirudi. Alasiri mlima ulikuwa uji kama nilivyoonywa, nami nikaanguka mara mbili zaidi, nikarowa hadi mfupani, nikarudi Denver nikiwa na michubuko ambayo ilichukua wiki mbili kupona. Hivyo basi, msomaji asije akadhani kwamba niligeuka kuwa Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, ambaye mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mjini Pyeongchang, alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi. Mimi niliteleza siku moja, kwenye mteremko wa watoto, na huenda nisiteleze tena.

Nilirejea nyumbani mwezi uliofuata. Mama alikuwa amejenga kibanda kipya mahali pale pale, kwa mbao mpya zilizokuwa bado zinanukia. Mnamo Machi 2020 serikali ilisimamisha uagizaji wa mitumba kwa sababu ya korona, na hadi ulipofunguliwa tena Agosti aliishi kwa kushona barakoa. Kisha marobota yakarudi, naye akarudi kuyakata kamba. Jaketi la kijani nililirudishia mikononi mwake siku niliyofika. Alilikagua zipu, akalinusa, akasema moshi umekwisha. Juma lililofuata alikuwa ameliuza kwa bawabu wa Umoja, kwa bei nzuri. Niliudhika kidogo, kisha nikajiuliza nilitaka alifanye nini.

Vikaratasi vya kwenye zipu vimekuwa adimu siku hizi, maana milima mikubwa mingi imehamia kwenye kadi. Lakini mara mojamoja, katika robota la majaketi ya zamani, hutokea kimoja. Mama bado hukikata kwa makasi kabla ya kulitundika jaketi. Hakitupi. Hukitia katika kopo la chai lililo chini ya meza, na nikienda kumsaidia siku ya Jumamosi hulisukuma kopo hilo kwa mguu kuelekea upande wangu, huku akiendelea kuwaita wateja.